Google Translate kwa maneno ya mapenzi: Kiswahili kwenda Kifaransa, inafaa wapi na inaharibu wapi

Mapitio haya ni ya mtu mwenye mchumba Bujumbura, wakwe Brussels, shemeji Montréal au wajukuu wanaosoma Lyon. Ni ya aliyeoa Bukavu au Lubumbashi vilevile, kule ambako watu huongea Kiswahili barabarani na nyumbani, lakini shule na ofisi huendeshwa kwa Kifaransa, na ujumbe wa simu huchanganya lugha zote mbili. Wengi wao wakikwama hufungua Google Translate kwanza. Ni ya bure, iko kwenye simu nyingi, na inazijua lugha zote mbili. Je, unaweza kuikabidhi maneno ya mapenzi?

Kwa maana ya jumla, ndiyo. Kwa uzito wa hisia, heshima na jinsia, hapana, isipokuwa umeisaidia. Habari njema ni kwamba makosa yake hayaji ovyo. Yanatokea mahali palepale kwa sababu zilezile, na mtu anayeyajua anaweza kuyaziba kabla hajabonyeza kutuma.

Programu hii ilianza 2006, na Kiswahili kikaongezwa 2009. Mwishoni mwa 2016 Google ilihamia kwenye mitandao ya neva, mfumo unaosoma sentensi nzima badala ya kuunganisha vipande vya maneno, na Kifaransa kilikuwa katika kundi la kwanza. Sentensi zikawa laini kuliko zamani. Ila jozi ya Kiswahili na Kifaransa ina udhaifu wake wa asili: maandishi yaliyotafsiriwa moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili ni machache mno ukilinganisha na yale ya Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo Kiingereza kimekuwa daraja. Katika modeli za tafsiri za ndani ya simu ambazo Google huwapa watengenezaji wa programu, jambo hilo limeandikwa wazi: kila lugha imefundishwa kwenda na kutoka Kiingereza, na lugha mbili zisizo Kiingereza hupitia hapo. Hata pale daraja lisipoonekana, alama za miguu yake zinabaki kwenye tafsiri. Kinachopotea kwenye Kiingereza, Kifaransa hakiwezi kukirudisha.

Tuanze na sentensi ambayo watu huitafsiri kuliko zote. "Nakupenda" hutoka "je t'aime", na hapo hakuna la kurekebisha. Tatizo linaingia ukiongeza "sana". Kwa Kiswahili "sana" huongeza nguvu, na mpenzi aliyezoea kuambiwa "nakupenda sana" atahisi pengo ukiiacha. Kwa Kifaransa "je t'aime" ikisimama peke yake ndiyo kilele. Ukiiwekea "beaucoup" unaishusha: "je t'aime beaucoup" ni maneno ya rafiki mpendwa, shangazi au mfanyakazi mwenzako wa siku nyingi. Ukiiwekea "bien" unaishusha zaidi. "Je t'aime bien" ni kusema "nakuona mtu mzuri", na ndiyo sentensi ambayo Wafaransa huitumia kumkataa mtu kwa upole. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno ya "nakupenda sana" inaweza kumfanya mchumba ajiulize kama umepoa.

Anayetaka kuongeza nguvu aandike "je t'aime tellement", "je t'aime très fort" au "je t'aime de tout mon cœur". Mwanamume anaweza kusema "je suis fou de toi", mwanamke "je suis folle de toi". "Je t'adore" ni tamu lakini nyepesi. Inafaa kwa rafiki, kwa ndugu, hata kwa mpenzi katika siku za mwanzo kabla ya "je t'aime" kutamkwa. Usijaribu "je t'aime très" bila "fort", kwa sababu "très" haikai peke yake baada ya kitenzi.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Watu wengi huhakiki kwa kubonyeza mishale ya kugeuza, ili Kifaransa kirudi Kiswahili. "Je t'aime beaucoup" ikigeuzwa hurudi "nakupenda sana", unatabasamu, unatuma. Jaribio la kugeuza hukamata makosa ya maana, kama vile mtendaji na mtendwa kubadilishana nafasi, lakini halikamati uzito. Lifanye, ila usilichukulie kama hukumu ya mwisho.

"Beaucoup" ina mahali pake pazuri: kwa wakwe. "Je vous aime beaucoup" kwa mama mkwe ni sahihi kwa sababu ile ile inayoiharibu kwa mpenzi. Ina joto bila mahaba. Vivyo hivyo ukimsimulia mume wako kwamba mfanyakazi mwenzake unamwona mtu mwema, andika "je l'aime bien". "Je l'aime" tupu italeta maswali mezani.

Baada ya kupenda huja kukumbukana. Kiswahili kina "nimekukumbuka", "nimekumiss", "nina hamu nawe", na kila moja ina hatari yake. "Nimekukumbuka" mashine huweza kuichukua kwa maana ya kumbukumbu, ikakupa "je me suis souvenu de toi", yaani ulikuwa umemsahau ukamkumbuka. Kinachohitajika hapa ni kitenzi "manquer", nacho kimekaa kinyume na tulivyozoea: "tu me manques". Mtu aliye mbali ndiye mtenda wa sentensi. Njia nyepesi ya kukishika ni kukisoma kama "unanipungukia". Anayeunda sentensi mwenyewe kwa kufuata mpangilio wa Kiswahili huandika "je te manque", na hapo amesema "wewe ndiye unayenikumbuka mimi". Likifika kama swali, mpenzi anaweza kucheka. Likifika kama kauli, linasikika la majivuno.

Kwa watu wengi au kwa mtu wa heshima ni "vous me manquez". Kwa wakati uliopita ni "tu m'as manqué", na hapa hata wazawa hukosea tahajia: haiongezwi "e" ingawa anayeambiwa ni mwanamke, kwa sababu "m'" hapo ni shamirisho la mbali, yaani maana yake ni "à moi" (kwangu). Nyumbani kukikosekana, "la maison me manque". Na "nakuwaza"? Hii programu huipatia vizuri: "je pense à toi". Ni sentensi salama, ya kila saa, na inafaa kutumwa katikati ya mchana bila sababu yoyote.

"Nina hamu nawe" iangalie kwa makini. "J'ai hâte de te voir" ni hamu ya kuonana, unaweza kuisema mbele ya watu. "J'ai envie de te voir" nayo ni sawa. Lakini "j'ai envie de toi" ni ya chumbani tu, na tofauti kati yake na iliyotangulia ni maneno mawili. Kwa shemeji au rafiki, bakia kwenye "hâte".

Sasa heshima na idadi, ambako daraja la Kiingereza linafanya uharibifu mkubwa. Kiswahili hutenganisha "nakupenda" na "nawapenda". Kifaransa nacho hutenganisha "tu" na "vous", na "vous" ina kazi mbili: watu wengi, au mtu mmoja unayemheshimu. Kiingereza kina "you" moja tu kwa wote. Ukiandika sentensi fupi isiyo na dalili ya uhusiano, kama "nimekuletea zawadi", programu inalazimika kubahatisha, na mara nyingi huegemea upande wa adabu: "je vous ai apporté un cadeau". Mke aliyeandikiwa hivyo atadhani unazungumza na bosi. Rekebisha kwa mkono: "je t'ai apporté un cadeau". Kanuni ya kutazama ni fupi. Kwa mtu mmoja wa karibu, kila "vous" inageuka "tu", "te" au "toi", kila "votre" inageuka "ton" au "ta", "vos" inageuka "tes", na kitenzi hubadilika mwisho: "vous êtes" kuwa "tu es", "vous avez" kuwa "tu as", "vous allez" kuwa "tu vas". Ukibadilisha kiwakilishi ukasahau kitenzi, sentensi inaonekana imeshonwa kwa viraka.

"Nawapenda" ni mbaya zaidi, kwa sababu Kiswahili chenyewe kina utata hapo: nawapenda ninyi, au nawapenda wao. Andika "nawapenda wanangu" bila koma, na kuna uwezekano mkubwa urudishiwe "j'aime mes enfants", kauli juu ya watoto, badala ya maneno kwa watoto. Weka koma, "nawapenda, wanangu", au andika "nawapenda ninyi", kisha angalia kwamba kilichotoka ni "je vous aime, mes enfants". Koma hiyo moja ina thamani kuliko kipengele chochote cha programu hii. Iweke kabla ya kila jina unaloliita: "asante, mama", "karibu, shemeji", "lala salama, mpenzi".

Kwa wakwe anza na "vous" hadi wao wenyewe waseme "on peut se tutoyer", yaani tuitane "tu". Nchini Ufaransa na Ubelgiji wakwe wengi hulisema mapema, wengine hawalisemi kamwe. Programu haina namna ya kujua, na hilo si kosa lake.

Jinsia inadai uangalifu wa aina nyingine. Sentensi ya Kiswahili "nimechoka, nimefurahi umefika" haisemi msemaji ni mwanamke au mwanamume, wala aliyefika ni nani. Kifaransa hudai yote mawili: "fatigué" au "fatiguée", "content" au "contente", "arrivé" au "arrivée". Mashine isipokuwa na dalili huelekea umbo la kiume. Mwishoni mwa 2018 Google ilianza kuonyesha umbo la kike na la kiume pamoja, lakini ilianzia kwenye neno moja moja kutoka Kiingereza. Usiitegemee kwa aya yako ya Kiswahili. Mwanamke anayeandika apitie kila sifa inayomhusu na kuiweka katika umbo la kike, mara nyingi kwa kuongeza "e". Anayemwandikia mwanamke apitie kila "tu es" iliyofuatwa na sifa. Na kwa vitenzi vyenye shamirisho la karibu kabla yake, yaani mtu anayetendwa moja kwa moja, "nilikungoja" kwa mwanamke ni "je t'ai attendue".

Nafsi ya tatu ni vivyo hivyo. "Amefika salama" itatoka "il est bien arrivé" hata kama unamzungumzia dada yako. Usiandike kiambishi peke yake. Mtaje mtu: "dada yangu amefika salama". Ukishampa mashine "dada", sentensi nyingi zinazofuata katika aya hiyo hiyo hushika njia ya kike, na hii ni sababu nzuri ya kubandika ujumbe wote kwa pamoja badala ya sentensi moja moja. Kwenye kivinjari nafasi ni herufi 5,000, zaidi ya kutosha kwa barua ndefu ya mapenzi.

Jambo la kufariji: sehemu kubwa ya tofauti hizi haisikiki. "Fatigué" na "fatiguée", "arrivé" na "arrivée", "chéri" na "chérie" hutamkwa sawasawa. "Content" na "contente", "heureux" na "heureuse", "beau" na "belle" husikika. Kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo, hangaikia hizo za kundi la pili tu.

Majina ya kubembelezana ndipo programu inapotumika vibaya zaidi, kwa sababu watu hutaka kuhamisha jina lenyewe. "Moyo wangu" inahama vizuri: "mon cœur" ni jina hai, la kila siku. "Malaika wangu" ni "mon ange", "hazina yangu" ni "mon trésor". "Ubavu wangu" kwa mwenzi wa ndoa usiutafsiri. Sema "ma moitié", nusu yangu. "Asali wangu" haiendi, kwani "mon miel" si jina ambalo wapenzi wa Kifaransa huitana. Na maneno yetu ya pwani, laazizi, mahabuba, nyonga mkalia ini, yaache Kiswahili kama yalivyo na umweleze mpenzi maana yake kwa sauti. Ini kwa Kifaransa ni "foie", kiungo cha daktari na bucha, hakina mapenzi yoyote ndani yake. Kwa upande wao wana "ma puce", kiroboto wangu, na "mon chou", ambayo kwa maandishi ni kabichi yangu. Mashine ikikurudishia hayo kwa Kiswahili usikasirike, ni majina ya upendo.

Angalia pia kwamba "mon amour" ni "mon" siku zote, hata kwa mwanamke. "Chéri" hubadilika: "mon chéri" kwa mwanamume, "ma chérie" kwa mwanamke. Na mbele ya irabu "ma" hugeuka "mon", ndiyo maana rafiki wa kike ni "mon amie". Hapo kuna hatari nyingine ya daraja: "rafiki yangu wa kike" ikipitia Kiingereza huweza kutoka "ma petite amie" au "ma copine", na zote mbili maana yake ni mpenzi wako. Ukitaka kumtambulisha rafiki wa kawaida, sema "c'est une amie" au "c'est une copine". "Une" inaokoa; "ma" inakuoza.

Busu nalo linahitaji onyo la wazi. Programu yenyewe kwa kawaida hutoa "je t'embrasse" kwa "nakubusu", na hiyo ndiyo sahihi, hata mwishoni mwa ujumbe kwa mama au rafiki. Hatari ni kwa anayetafuta neno moja, "busu", akapata "baiser", kisha akaliunda kitenzi mwenyewe. Kama nomino, "un baiser" ni busu la heshima. Kama kitenzi leo, "baiser" ni tusi la tendo la ndoa. Usiandike kamwe "je te baise". Tumia "bisous" kwa wapenzi, watoto na marafiki, "gros bisous" kwa kuongeza joto, "bises" kwa jamaa na wenzako wa kazini. Kukumbatia ni "je te serre dans mes bras".

"Pole" ndilo neno letu linaloteseka zaidi. Mashine hulipa "désolé" karibu kila mara, nayo ni radhi ya mtu aliyekosa au masikitiko ya jumla. Kiswahili kinaitumia kwa hali zisizofanana hata kidogo, na Kifaransa kina fungu lake kwa kila hali. Kwa mgonjwa, "ugua pole" ni "bon rétablissement", na kwa mtu wa karibu "soigne-toi bien". Kwa mfiwa ni "toutes mes condoléances". Hapa "désolé" peke yake inasikika baridi. "Pole na kazi" ni "bon courage" ikiwa bado anafanya kazi. Akiwa amesharudi, uliza "tu n'es pas trop fatiguée ?" kwa mwanamke, "fatigué" kwa mwanamume. "Pole na safari" ni "tu as fait bon voyage ?". Aliyejikwaa mbele yako mwulize "ça va ? tu t'es fait mal ?", kwa sababu ukisema "désolé" atadhani wewe ndiye uliyemsukuma.

"Kazi njema" ina tatizo jirani. Kama tafsiri ni "bon travail", msomaji wa Ufaransa huweza kuisikia kama sifa ya mwalimu kwa kazi iliyokwisha. Asubuhi mtakie "bonne journée" au "bon courage". "Umeamkaje?" usiipeleke neno kwa neno, wao huuliza "tu as bien dormi?". "Umefika salama?" ni "tu es bien arrivé ?", na "umekula?" ni "tu as mangé ?", swali linalobeba upendo uleule kwa lugha zote mbili. "Safari njema", "usiku mwema", "asante kwa kila kitu", "nisamehe" na "nakungoja" programu huzifanya bila shida: "bon voyage", "bonne nuit", "merci pour tout", "pardonne-moi", "je t'attends". Kwa safari ya barabara "bonne route" ni bora zaidi.

Kuna maneno ya ukoo ambayo huwezi kuyaachia mashine kabisa. "Wifi" linaandikwa sawa na intaneti ya nyumbani, na sentensi "nampenda wifi yangu" iko hatarini kuwa sifa ya mtandao. Andika "dada wa mume wangu", kisha kwenye Kifaransa weka "ma belle-sœur". "Shemeji" haina jinsia kwetu; amua mwenyewe kati ya "beau-frère" na "belle-sœur". "Belle-mère" ni mama mkwe lakini pia ni mama wa kambo, na "beau-père" vilevile, kwa hiyo ukimsimulia mtu baki ongeza "la mère de ma femme". Ukimwita uso kwa uso, "belle-mère" ni kavu. Familia nyingi hutumia "belle-maman" na "beau-papa". Kongo mama wa rika la mzazi wako huitwa "maman" pamoja na jina lake, na baba "papa", jambo ambalo Mswahili yeyote ataliona la nyumbani. Bibi na babu nchini Ufaransa ni "mamie" na "papi". Ubelgiji utasikia pia "bonne-maman" na "bon-papa". "Shikamoo" haina mwenzake. "Bonjour, maman" yenye "vous" ndani ya sentensi zinazofuata ndiyo njia ya kuibeba heshima hiyo.

Kwa Québec ongeza masahihisho machache. Siku ya kuzaliwa, programu itakupa "joyeux anniversaire", ambayo inaeleweka kote. Wakwebeki husema "bonne fête". Ukimshukuru mtu akajibu "bienvenue", anasema "karibu" ya kupokea asante. Na "ma blonde" ni mpenzi wake wa kike hata kama nywele zake ni nyeusi, kama vile "mon chum" ni mpenzi wa kiume.

Sauti ni sehemu ninayoipenda kwenye programu hii. Kitufe cha spika husoma Kifaransa kwa matamshi ya kutosha kuigwa, na ukikibonyeza mara ya pili husoma polepole. Sikiliza hasa "tu". Herufi "ou" ya Kifaransa ni "u" yetu kamili, kwa hiyo "fou" na "toujours" ni rahisi kwetu. "U" yao ya "tu" ni nyingine: sema "i", usiusogeze ulimi, kisha kunja midomo kama unayepuliza. Herufi "es" za mwisho wa "manques" hazisikiki, wala usiongeze irabu mwishoni mwa "t'aime". Kujipima, chagua Kifaransa upande wa kuingiza, bonyeza maikrofoni na useme sentensi yako. Ikiandika kilekile ulichokusudia, mpenzi naye atakuelewa. Ikiandika neno jingine, hapo ndipo pa kufanyia mazoezi.

Bila intaneti inafanya kazi, ukipakua mapema Kiswahili na Kifaransa. Google ilipoleta vifurushi vya mfumo wa neva mwaka 2018 ilitaja ukubwa wa megabaiti 35 hadi 45 kwa lugha. Ubora unashuka, hasa kwa sentensi ndefu na maneno ya mtaani, lakini kuna faida kwa mambo ya faragha: tafsiri inafanyika ndani ya simu, ilhali ukiwa mtandaoni maneno yako hupelekwa kwenye seva. Barua ya chumbani itafsiri nje ya mtandao, na nyota iliyo juu ya tafsiri iguse kwa zile sentensi ulizokwisha kusahihisha ili usirudie kazi. Kumbuka tu kwamba nyota huhifadhi tafsiri ya mashine ilivyotoka, si marekebisho yako. Bandika Kifaransa kilichosahihishwa kwenye daftari la simu.

Ukiwa na programu ya mazungumzo ya akili unde kwenye simu, kwa kazi hii ndogo huizidi Google Translate, kwa sababu moja tu: unaweza kuieleza. Andika kabla ya ujumbe wako, "mimi ni mwanamke, namwandikia mume wangu, tumia 'tu' ya Kifaransa, si 'vous', lugha ya nyumbani ya Ubelgiji". Sentensi hiyo inajibu maswali ambayo Google Translate hubahatisha. Isipoelezwa, programu hiyo nayo hubahatisha vilevile. Kwa neno moja moja na kwa kutafsiri majibu yanayoingia, Google Translate bado ni ya haraka zaidi: kwenye Android unaweza kunakili ujumbe wa Kifaransa ukautafsiri palepale bila kutoka kwenye mazungumzo.

Utaratibu ninaoupendekeza unachukua dakika mbili. Andika Kiswahili sanifu, sentensi fupi, majina yakiwa na koma, bila vifupisho vya simu kama "xx" au "cjui". Tafsiri ujumbe wote kwa pamoja. Pitia mara ya kwanza ukitafuta "vous" na "votre" tu. Pitia mara ya pili ukitafuta sifa zinazomhusu mwanamke. Pitia mara ya tatu ukitazama "beaucoup", "bien", "désolé", "souvenu" na jina lolote la kubembeleza. Kisha ndipo ugeuze Kifaransa kirudi Kiswahili kukagua maana. Mpangilio huu una sababu: ukianza na kugeuza, macho huridhika mapema na "vous" hupita bila kuonekana.

Na kwa ujumbe ambao haupaswi kukosewa hata herufi, yaani posa, rambirambi na barua ya kwanza kwa wakwe, mpe asome mtu anayeishi kwa Kifaransa. Mtumie Kiswahili chako pamoja na Kifaransa, mwambie unamwandikia nani na mna ukaribu gani, kisha umwombe asahihishe Kifaransa tu.